Dozi ni kiasi gani?

Kwenye duka la dawa, neno dozi lina kazi mbili. Ukiambiwa "maliza dozi", ni vidonge vyote ulivyopewa, mpaka cha mwisho. Ukiambiwa "umezidisha dozi", ni kiasi ulichomeza kwa mkupuo mmoja. Kwa antibiotiki au dawa ya malaria mkanganyiko huo hauleti taabu kubwa, kwa sababu agizo ni lile lile: meza kama ulivyoandikiwa hadi ziishe. Kwa dawa za kuzuia kutapika, mkanganyiko huo huumiza watu.

Chukua metoklopramidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Plasil. Mtu mzima humeza miligramu 10, isizidi mara tatu kwa siku, wala isipite siku 5. Kutapika kukikoma anaacha, hata kama vidonge vimebaki. Hakuna dozi ya kumaliza hapo. Shirika la Dawa la Ulaya liliweka mipaka hiyo mwaka 2013 kwa sababu dawa hii hugusa ubongo: shingo hupinda, taya hukaza, macho hugeukia juu. Watoto na vijana ndio hupatwa zaidi, na mzazi asiyejua hudhani ni degedege.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi kabisa. Aliyezidi umri huo, daktari akiona lazima, hukadiriwa kwa uzito: miligramu 0.1 hadi 0.15 kwa kila kilo. Mwenye kilo 12, basi, asipite miligramu 1.8 kwa mara moja. Ile desturi ya kumkatia nusu ya kidonge cha mtu mzima humpa 5, karibu mara tatu ya kikomo chake. Hata robo, 2.5, imezidi. Promethazini, dawa nyingine ya kuzuia kutapika, nayo haipewi walio chini ya miaka 2, maana inaweza kuwazuia kupumua.

Wapo wanaopendelea neno kipimo. Zuri, ila mgonjwa akilisikia hospitalini huwaza damu na choo. Mimi ningeiachia dozi maana ambayo watu wamekwisha kuipa, dawa yote, na hiki kingine nikiite kiasi cha mara moja. "1×3" ya kwenye bahasha ya dawa, yaani kimoja mara tatu, haitaji miligramu wala siku. Kwa Plasil ya mtu mzima pangeandikwa: "miligramu 10 kwa mara moja, mwisho mara tatu kwa siku, acha ukipata nafuu, usipite siku 5." Ya mtoto iandikwe na kilo zake, alizopimwa siku hiyo hiyo.