Viboko wa Mweya na Maana ya Uthabiti

Msafiri atokaye Kasese kwenda Bwera hupita Kikorongo, na mbuga huiona ikitandaa mkono wake wa kushoto. Walimu tulio wengi tumewaambia wanafunzi kwamba mbuga hiyo yajipima yenyewe tangu kuumbwa kwake. Historia yasema vingine.

Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yalifanya serikali ya kikoloni iwahamishe watu kutoka kando ya maziwa. Mwaka 1952 mahali hapo palitengwa kuwa Hifadhi ya Kazinga, na mwaka 1954 pakapewa jina la Malkia Elizabeth. Viboko wakazidi mno. Mnyama huyu hutoka majini usiku, na kwa midomo yake mipana hukata nyasi hadi chini kabisa. Rasi ya Mweya ikabaki udongo mtupu, mvua ikauchukua. Basi tangu 1958 hadi 1966 viboko wapatao 7,000 walipigwa risasi. Nyasi zikarudi, nyati wakaongezeka. Bunduki ziliponyamaza, viboko nao wakarejea kidogo kidogo. Kisha ikaja miaka ya 1970 na ujangili wake: ndovu waliozidi 2,000 walibaki 150 hivi kufikia 1980, vichaka vikapata nafasi ya kusonga. Mizani ni ipi hapo?

Mwaka ule ule wa 1958 Charles Elton alitoa kitabu akidai kwamba penye viumbe wa aina nyingi pana uthabiti zaidi. Mwaka 1973 Robert May alionyesha kwa hesabu kuwa si lazima iwe hivyo, naye C. S. Holling akatenga mambo mawili: kurudi upesi katika hali ya awali, na kuhimili misukosuko bila kugeuka kitu kingine.

Hapo ndipo lugha yetu inapodaiwa kazi. Utulivu ni wa maji yasiyopigwa na upepo. Uthabiti ni wa nguzo isiyotikisika. Mweya haikuwa maji hayo wala nguzo hiyo. Ilikuwa kama tete, lililoinama likainuka, tena si pale pale. Mtoto wa Bwera ambaye ndovu wamelila shamba la babake atatuuliza huo uthabiti tunaomsomesha uko wapi, na neno hilo peke yake halimjibu. Kwa jambo la pili la Holling, ‘ustahimilivu’ twaona unafaa. Kwa lile la kwanza bado tunatafuta.