Kifua Kikuu Kilichokaa Mgongoni: Mbulu na Hanang

Nesperehan, kuhani wa Misri ya kale, alizikwa yapata miaka 3,000 iliyopita. Pingili zake zilikuwa zimesagika na mgongo umeinama mbele, na jipu kubwa la usaha lilikuwa limeteremka hadi karibu na nyonga. Hicho ndicho kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mwaka 1779 Percivall Pott, daktari wa upasuaji wa London, aliandika juu ya wagonjwa waliopinda mgongo kisha wakapooza miguu, ila kisababishi hakukijua. Bakteria wa ugonjwa huo alitangazwa na Robert Koch mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, na mwaka 1895 eksirei za Wilhelm Röntgen zikafungua njia ya kuuona mfupa ulioliwa bila kuipasua ngozi.

Nyanda za Mbulu na miteremko ya Mlima Hanang, kaskazini mwa Tanzania, zilikuwa nchi ya watu na mifugo. Katika tembe la Wairaqw, lililochimbwa ubavuni mwa kilima na kuezekwa udongo, ng'ombe na watu walilala chini ya paa moja; Wadatoga nao waliishi kwa maziwa ya makundi yao. Maisha hayo yalimpa bakteria njia mbili: pumzi ya anayekohoa, na maziwa yasiyochemshwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 katika mkoa wa Arusha wa zamani, uliozijumuisha Mbulu na Hanang kabla Manyara haijawa mkoa mwaka 2002, ulimkuta Mycobacterium bovis, bakteria wa ng'ombe, katika mitoki ya wagonjwa. Anapoingia mwilini husafiri kwa damu, na anapotua mgongoni, mara nyingi ni katika pingili za kifuani na kiunoni.

Lugha yetu yenyewe imeuficha ugonjwa huu. "Kibiongo" kimetaja umbo la mgongo, hakikutaja kilichoupinda. Na "kifua kikuu" kimewafundisha watu kusubiri kikohozi. Mwenye maumivu ya mgongo, asiyekohoa, hakujihesabu miongoni mwa wagonjwa wa kifua.

Enzi ya Waingereza ilileta kituo cha wagonjwa wa kifua kikuu cha Kibong'oto, Kilimanjaro, mwaka 1926. Dawa ya kumuua bakteria ilikuwa haijapatikana popote duniani. Tiba ya mgongo ilikuwa kulala miezi mingi, chakula kizuri na plasta ngumu kiwiliwilini. Streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943, isoniazidi ikaanza kutibu mwaka 1952, na mwaka 1955 hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyojengwa na wamisionari wa Norwe, ikafunguliwa Mbulu. Kwa watu wa huko hospitali na dawa vilifika karibu pamoja, jambo ambalo vizazi vya kabla yao havikulipata.

Ila kitanda na plasta viliendelea kuaminiwa. Majaribio ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yaliyoanza miaka ya 1960 nchini Korea, yaliwalinganisha waliolazwa na waliotembea, waliofungwa plasta na wasiofungwa, wote wakimeza dawa kwa miezi 18. Kulala hakukuongeza kitu, wala plasta. Kwangu hilo ndilo geuko kubwa kuliko yote katika historia hii, kwa sababu mfugaji hawezi kuliacha zizi lake mwaka mzima.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, kwa msaada wa daktari Karel Styblo, mpango ambao dunia ilikuja kuuiga. Nguzo yake ilikuwa hadubini na makohozi, na mgongo hautoi makohozi. Kisha UKIMWI, uliotambuliwa Kagera mwaka 1983, ukaongeza wagonjwa ambao bakteria wamewaingia nje ya mapafu.

Siku hizi kipimo cha vinasaba cha GeneXpert huweza kusoma hata usaha uliovutwa kwa sindano, na tiba ya mgongo huendelea hadi miezi 12. Mgonjwa aliyebanwa uti hutumwa mbali, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, kwa upasuaji. Lakini dalili ya kwanza bado huonekana kwenye zahanati. Tabibu huangusha sarafu sakafuni na kumwambia mtoto aiokote. Mtoto mzima huinama. Mwenye ugonjwa huchuchumaa polepole, mgongo wima, mkono mmoja umeshika paja, na dole gumba la tabibu linaposhuka pingili kwa pingili husimama pale mtoto anaposhtuka.