Praefectus: Yeye Aliyewekwa



Ndugu wapendwa, kila Dominika katika Kanuni ya Imani tunalitaja jina la Ponsyo Pilato. Je, cheo chake kilikuwa kipi? Mwanahistoria Mrumi Tacitus, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 2, alimwita procurator, na vitabu vingi vikamfuata. Lakini mwaka 1961 wataalamu wa mambo ya kale kutoka Italia, wakiongozwa na Antonio Frova, walipata huko Kaisaria, kando ya bahari, jiwe lililokuwa limetumika tena kama kipandio cha ngazi katika jumba la maigizo la kale. Maandishi yake ya Kilatini yalikuwa yamelika, ila jina la Pilato lilisomeka, na chini yake mwisho wa cheo chake: -ectus. Basi alikuwa praefectus. Cheo cha procurator walipewa watawala wa Uyahudi baadaye, tangu enzi ya Kaisari Klaudio.

Kwa sarufi, tofauti hiyo si ndogo. Procurator huishia na -tor, alama ya mtendaji, kama tusemavyo “mtunzaji”: atunzaye mambo kwa niaba ya mwingine. Praefectus, kinyume chake, ni mtendwa. Neno latokana na kitenzi praeficere: prae ni “mbele”, facere ni “kufanya”, kwa pamoja, kumweka mtu asimamie jambo. Praefectus, basi, ni “aliyewekwa juu ya”. Ile -w- ya Kiswahili chetu yaeleza yote: hakujiweka, yupo aliyemweka. Kwa Pilato, huyo alikuwa Kaisari Tiberio.

Katika Injili ya Yohane, sura ya 19, Pilato anajivunia mamlaka ya kumfungua Yesu au kumsulubisha. Bwana wetu anamjibu kwamba asingekuwa nayo kama asingepewa kutoka juu, yaani juu kuliko hata Kaisari. Cheo chenyewe kilikuwa kimekwisha kukiri kwamba mamlaka hupewa. Mwenye cheo ndiye aliyesahau.

Baada ya miaka kumi, kwa sababu ya damu ya Wasamaria aliowaua, Vitellius, mtawala wa Siria, alimwamuru aende Roma kujieleza. Aliyewekwa akaondolewa.

Nasi mapadre, makatekista, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na wazazi tumewekwa. Ajuaye kwamba aliwekwa, ajue pia kwamba ataulizwa.