Nani Anafua? Historia Fupi ya Mashine ya Kufulia

Ukiisoma historia ya mashine ya kufulia, unakutana kwanza na safu ya wanaume. Mwaka 1767, Jacob Christian Schäffer wa Ujerumani alichapisha kijitabu kuhusu mashine yake. Mwaka 1851 Mmarekani James King akapata hataza ya mashine yenye ngoma. Mwaka 1937 Bendix wakaonyesha ya nyumbani inayojiendesha: inajaza maji, inafua, inasuuza, inakamua. Haya, sawa. Lakini kabla ya hapo nani alikuwa anafua? Jibu sote tunalijua, na halina hataza.

Mashine yenyewe haina uchawi. Ngoma inazibeba nguo hadi juu, inaziachia zianguke majini, pwaa! Maji yanapenya kwenye nyuzi na kutoka. Chembe ya sabuni ina pande mbili: mmoja unashika mafuta, mwingine unashika maji, basi uchafu unang'oka na kuondoka na maji. Mwaka 1959 Mjerumani Herbert Sinner aliyachora haya kama duara la vitu vinne: kemikali, joto, muda na nguvu ya kusugua. Ukipunguza kimoja, lazima uongeze kingine. Aliyewahi kufua shati jeupe kwa maji baridi na kipande cha sabuni anaijua hesabu hiyo. Kinachopungua kinalipwa na viganja na mgongo.

Ubishi uko hapa. Hans Rosling, daktari wa Sweden, alieleza katika hotuba ya 2010 kwamba mashine ilimpa mama yake muda wa kwenda maktaba: zinaingia nguo, vinatoka vitabu. Ruth Schwartz Cowan, kwenye *More Work for Mother* (1983), haoni hivyo. Anasema huko Marekani nguo zilizokuwa zinapelekwa kwa dobi zilirudi nyumbani, viwango vya usafi vikapanda, na mlundo wote ukabaki kwa mama peke yake.

Rosling ananigusa zaidi, ila naona Cowan ndiye ana hoja. Mashine inapunguza maumivu, haigawi kazi. Hata kwetu, dobi wa mtaani anayelipwa mara nyingi ni mwanaume. Ufuaji wa bure wa nyumbani ni wa mwanamke. Na penye mashine, kola na makwapa bado vinasuguliwa kwanza kwa mkono, mara nyingi na dada wa kazi.