Mchango: Kutoka Kwenye Karata Hadi Daftari la Msiba

Mcheza karata hagawi kabla ya kuchanga. Hukusanya za huyu na za yule, akazipitisha moja ndani ya nyingine hadi pasijulikane ipi ilitoka kwa nani. Humo imo maana ya kitenzi changa: kukusanya na kuunganisha. Changanya, mchanganyiko na mchango ni ndugu wa tumbo moja. Mtoto mchanga na michango ya tumboni ni maneno mengine, yamefanana kwa sauti tu.

Hesabu na hazina zilitujia kutoka Kiarabu, lakini mchango ni neno la Kibantu. Washona wa Zimbabwe wana sangana, yaani kukutana. Wazulu wana hlangana, maana ile ile. Mkoani Ruvuma sauti hiyo si ngeni: mababu wa Wangoni wa Songea walitoka huko huko kusini, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835.

Katika vijiji vya mkoa huo kama Namasakata, neno mchango huonekana vizuri zaidi msibani. Daftari la shule hufunguliwa juu ya mkeka: jina, kisha kilicholetwa. Aliyeleta fedha huandikiwa fedha, aliyeleta unga huandikiwa unga. Baada ya matanga daftari halitupwi, kwa kuwa siku nyumba ya jirani ikifiwa, ndilo litakalokumbusha nani alisimama na nani.

Kwa mtindo huo huo wa kuchanga nchi ilianza safari yake ya uhuru. Machi 1955, chama cha TANU kikiwa hakijatimiza mwaka, Julius Nyerere alikwenda New York kuisemea Tanganyika mbele ya Umoja wa Mataifa. Nauli yake ilichangwa.

Baadaye neno likabebeshwa mzigo usio wake. Shuleni kukawa na mchango wa dawati, wa mlinzi, wa mitihani, na mtoto asiyelipa akarudishwa nyumbani. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 uliifuta michango ya lazima katika shule za umma, na Januari 2018 Rais Magufuli akaipiga marufuku tena.

Makato ya serikali kwenye miamala ya simu yalipoanza Julai 2021, wananchi waliyaita tozo, na walikuwa sahihi. Viongozi wa vijiji na wa shule nao wafanye hivyo: kinachodaiwa kwa nguvu wakiite tozo au ada, na mchango wauachie anayetoa kwa hiari yake.