Forodhani: Pwani Tuliyoogelea Bila Kuijua

Katika miaka yetu ya skuli, sisi tuliosoma mjini Unguja tuliyajua maji ya bahari kuliko kengele ya darasa. Bamvua likijaa alasiri, hatukuwa na pengine ila Forodhani. Tulivua mashati, tukaruka kutoka ukutani, tukapiga mbizi mpaka macho yakawa mekundu. Naamini wengi wenu mnaosoma kurasa hizi mmewahi kuchapwa kwa ajili hiyo. Vijana walioko skuli sasa sina haja ya kuwaeleza, maana juzi nilipokwenda na mjukuu wangu niliwakuta pale pale, wakiruka kwa mitindo ambayo sisi hatukuithubutu.

Mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, forodha ni nini?" Nikamjibu kuwa ni mahali pa kutozea ushuru wa bidhaa. Yeye akaridhika, akarudi majini. Mimi sikuridhika na jibu langu, na ndiyo sababu ya makala haya.

Mji wetu umekaa upande wa magharibi wa kisiwa. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, na kusi kutoka kusini-mashariki. Basi pepo zote mbili huvunjwa nguvu na kisiwa chenyewe kabla hazijafika bandarini. Mbele yake vipo visiwa vidogo vya Changuu, Chapwani na Bawe, pamoja na mafungu yanayopunguza mawimbi. Jahazi lililotoka Maskati, Bombay au Kilwa liliweza kutia nanga hapa na kupakua mzigo ufukweni pasipo gati. Bandari hii tulivu ni moja katika mambo yaliyomvuta Seyyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830.

Utulivu huo, hata hivyo, una mpaka wake. Mwezi wa Aprili 1872 kilipiga kimbunga kilichozamisha vyombo bandarini, zikiwamo merikebu za Seyyid Barghash, na kung'oa mikarafuu ya Unguja. Barghash aliagiza merikebu nyingine Uingereza, ikaitwa Glasgow, nayo ikazamishwa papa hapa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyotimia hata saa moja. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji kwa miaka mingi, hadi merikebu ilipovunjwa mwaka 1912. Haya tuliyasoma, maana vita hupendwa na walimu wa historia. Habari za forodha hatukuzisoma.

Ushuru haukukusanywa na mfalme mwenyewe. Aliukodisha kwa tajiri, ambaye alilipa kiasi maalumu kila mwaka, na kilichozidi kilikuwa chake. Kwa muda mrefu tajiri huyo alikuwa Jairam Shivji, na baada yake nyumba yake ya biashara. Kwa mapatano ya mwaka 1833, bidhaa za Wamarekani zilitozwa asilimia 5. Hapa zilipita pembe za ndovu, sandarusi, karafuu, majora ya marekani. Na hapa walipita watu. Kwa taarifa ya balozi Mwingereza, Rigby, watumwa walioletwa Unguja mwaka 1859 walikuwa wapatao 19,000, wengi wao kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Walihesabiwa kwa vichwa na kulipiwa ushuru. Mgonjwa ambaye mwenye chombo aliona hatarudisha hata ushuru wake aliweza kuachwa afe, na wageni waliopita Unguja miaka ile wameandika juu ya maiti zilizotupwa ufukweni. Soko lilifungwa kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873. Utumwa wenyewe ulingoja mpaka 1897.

Sasa niseme jambo ambalo kwetu halisemwi. Bibi yangu mzaa mama hakupenda kupita Forodhani, na sisi watoto tulidhani ni kwa sababu ya makelele. Mwaka nilioingia kidato cha kwanza alinikuta nimerudi na nywele zimejaa chumvi. Hakunigombeza. Aliniambia kuwa mama yake aliteremshwa pwani ile, angali mtoto, kutoka jahazi la Kilwa. Alichokumbuka mama huyo ni kwamba chombo kilipoingia ndani ya visiwa kiliacha kuyumba, naye akaacha kutapika. Bibi akaniamuru nisimwambie mtu, nami nimemtii kwa zaidi ya miaka hamsini. Nilikuwa nikiona haya, na leo sijui nilimwonea haya nani.

Bandari ilihamia Malindi lilipojengwa gati katika miaka ya 1920, na bustani ikatandikwa mahali pake katikati ya miaka ya 1930. Ilitengenezwa upya mwaka 2009. Beit al-Ajaib iliyo nyuma yake, iliyojengwa na Barghash mwaka 1883, ilibomoka sehemu yake Desemba 2020. Hayo kila mmoja wenu ameyaona.

Mjukuu wangu alipotoka majini nilimpa jibu lililobaki. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Alikuwa akiitwa nani?" Nikamtajia jina alilopewa huku. Lile alilokuja nalo bibi hakuambiwa. Akataka kuruka tena, nikamzuia, maana maji yalikwisha anza kupwa na chini ya ukuta pana mawe.