Rio de Janeiro na Mawe ya Valongo

Wasikilizaji wetu, leo twawaalika tusafiri kwa fikira, tuvuke Bahari ya Atlantiki hata nchi ya Brazili, tuutazame mji wa bandari uitwao Rio de Janeiro. Maana ya jina hilo ni Mto wa Januari. Mabaharia wa Kireno waliingia hapo mwezi wa Januari, mwaka 1502, wakaona ghuba kubwa yenye mlango mwembamba, wakaiita mto. Lakini mto haupo. Ni bahari iliyojipenyeza kati ya milima.

Mgeni afikaye Rio hupelekwa kwanza juu ya mlima Corcovado, wenye urefu wa meta 710. Tangu mwaka 1884 gari la moshi lilipanda huko, na siku hizi huendeshwa kwa umeme. Kileleni imesimama sanamu ya Kristo, meta 30 kwenda juu, iliyozinduliwa mwaka 1931. Kutoka hapo mtu huiona ghuba yote, na mwamba uitwao Mkate wa Sukari, na chini yake msitu mnene wa Tijuca. Wengi hudhani msitu huo ni wa tangu kuumbwa kwa dunia. Sivyo. Wenye mashamba ya kahawa walikuwa wameifyeka miti sehemu nyingi za milima hiyo, na chemchemi zilizounywesha mji zikapunguka maji. Ndipo mwaka 1861 serikali ikaamuru miti ipandwe upya. Aliyewekwa kuisimamia kazi hiyo alikuwa Manuel Archer, naye aliifanya muda wa miaka 13. Walioanza kuchimba mashimo na kubeba miche walikuwa watumwa sita.

Basi tushuke sasa mpaka bandarini, kwa maana huko ndiko tulikokusudia kuwafikisha.

Katika mtaa uitwao Valongo, mwaka 1811, ilijengwa gati ya mawe ya kuteremshia watumwa. Kabla ya hapo soko lao lilikuwa katikati ya mji. Mtawala wa Kireno aliamuru mwaka 1774 liondolewe, si kwa kuihurumia hali ya wale watu, bali kwa kuwa wenyeji walichukizwa kuwaona na waliogopa magonjwa. Hukadiriwa kwamba Waafrika 900,000 walipita Valongo. Wengi walitoka Angola na Kongo. Lakini wengine walitoka pwani hii yetu ya mashariki, katika bandari za Msumbiji na Quelimane. Sisi walimu tumezoea kuwafundisha watoto habari za njia za watumwa za kwenda Unguja, tukaisahau njia hii nyingine. Merikebu zilizotoka Msumbiji zilikuwa hazina budi kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ya miezi miwili na zaidi, na waliokufa njiani walikuwa wengi kuliko wa safari za Angola. Waliofika, wawe Wamakua au kabila jingine, huko Rio wengi wao waliitwa kwa jina moja, Moçambique.

Waliokufa baada ya kushuka, kabla hawajauzwa, walifukiwa karibu na soko, bila sanda wala jeneza. Makaburi hayo yalifungwa mwaka 1830, nyumba zikajengwa juu yake, na watu wakasahau. Mwaka 1996 mwenye nyumba mmoja alikuwa akiitengeneza nyumba yake. Mafundi walipochimba sakafu, wakakuta mifupa ya watu.

Gati yenyewe nayo ilifichwa. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku mwaka 1831, ingawa iliendelea kwa siri mahali pengine pwani hata mwaka 1850, na utumwa wenyewe ulikomeshwa tarehe 13 Mei, 1888. Mwaka 1843 Teresa Cristina, bibi arusi wa mfalme Pedro wa Pili, alikuwa akija kutoka Italia. Haikupendeza ashukie mahali pale. Kwa hiyo mawe mapya yalitandazwa juu ya yale ya zamani, pakaitwa Gati ya Malkia. Mwaka 1911 hiyo nayo ilifukiwa, na bahari ikasukumwa mbali kwa kifusi ili bandari ipanuliwe. Malkia na watumwa, wote wakazikwa pamoja.

Mwaka 2011, mji ulipokuwa ukijitengeneza kwa ajili ya michezo ya mataifa, mafundi walichimba mtaa ule, na wataalamu wa mambo ya kale wakaifikia gati. Udongoni waliokota kauri, shanga, hirizi na pete zilizosukwa kwa nyuzi za mnazi-mwitu. Mwaka 2017 mahali hapo palitiwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Leo ni shimo wazi kando ya barabara, na mpita njia aweza kusimama akatazama bila kulipa kitu. Tabaka mbili zaonekana dhahiri. Mawe ya malkia yamechongwa pembe nne, yamepangwa sawasawa. Yaliyo chini yake ni ya kila umbo na kila ukubwa, yamepangwa bila mstari, na ndiyo yaliyokanyagwa na wale waliotoka Quelimane.